Lori la Taka kwa Kipimo cha Moja kwa Ishirini

Tarehe 2 Machi

Waheshimiwa mliopo na msiokuwepo, nanyi msiokuwepo ndio wengi, kwa kuwa chumbani humu nimo mimi na meza tu: niruhusuni niseme. Kwa miaka ishirini na sita nimesimama mbele ya wanafunzi kila asubuhi, na nimegundua kwamba sijui kufikiri nikiwa kimya. Kwa hiyo nitaandika kana kwamba mmeketi mbele yangu, na mkinichoka mniwie radhi.

Jambo lenyewe ni hili. Mdogo wangu wa kiume ni dereva wa lori la taka la baraza la mji. Wiki mbili zilizopita, akirudi nyuma katika kichochoro kilicho nyuma ya soko, alimgonga fundi wa cherehani aliyekuwa kwenye meza yake ya kazi, akamvunja mguu. Mdogo wangu anasema hakumwona, maana kioo cha pembeni hakifiki pale. Fundi anasema dereva alimtazama ndani ya kioo hicho hicho, macho kwa macho, kisha akaja. Kamati ya uchunguzi itakaa tarehe 12 Mei. Ikimwamini fundi, mdogo wangu hatashika usukani tena, na kazi nyingine haijui.

Leo alikuja, akaketi bila kuvua koti la mvua.

"Dada, si wewe uliyejenga lile basi la karatasi la maonyesho ya shule, mpaka na vifuta kioo vyake?"

"Ni mimi."

"Nijengee lori langu. Wale wa kamati hawajawahi kupanda kwenye kiti cha lori. Waonyeshe ninachokiona mimi."

Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, ambaye anaishi nami, aliinua kichwa. "Yaani nyumba nimeifagia asubuhi hii, nyinyi mnaniletea lori la taka ndani?"

"La karatasi, Shangazi."

"Taka ni taka."

Nimekubali. Kipimo kitakuwa moja kwa ishirini: kila sentimita ishirini za lori zitakuwa sentimita moja mezani.

Tarehe 4 Machi

Mwenyekiti wa kamati amejibu barua yangu. Ni mtu wa kusema "kwa utaratibu" kila baada ya maneno matano, hata mjini wamembatiza Bwana Utaratibu. Kwa utaratibu, kielelezo changu kitapokelewa.

Tarehe 5 Machi

Tumepima lori, kwenye ua wa magari ya baraza. Ilitulazimu kufanya haraka, maana kesho lori linapelekwa kwenye karakana ya mbali, na halitarudi kabla ya kikao.

Tulitumia utepe wa kupimia wa nyumbani kwetu. Utepe huo ulikatika sentimita zake tano za kwanza kabla mimi sijaolewa, na haukuwahi kutupwa. Unaanzia kwenye tano, kwa hiyo mtu husoma, kisha hutoa tano. Watu wa familia yetu hutoa tano bila kufikiri, kama mtu anavyoinama kwenye mlango mfupi wa kwao. Mdogo wangu alishika utepe na kuita namba, mimi nikaandika chini ya mwavuli. Lori zima, sentimita 695. Kichwa, 175. Nafasi kati ya kichwa na sanduku, 15. Sanduku la taka, 395. Mdomo wa nyuma, 95. Kioo cha pembeni kina urefu wa 35 na upana wa 15, na mkono unaokishika ni 25.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye kichochoro. Meza ya fundi imesimama peke yake, imefunikwa nailoni, na maji yamejaa juu yake. Tuliipima nayo. Mdogo wangu hakuigusa.

Tarehe 9 Machi

Mvua. Nimechora vipande hamsini na vinne kwenye karatasi ya manila.

Tarehe 10 Machi

Mvua.

Tarehe 14 Machi

Asiyewahi kujenga gari kwa karatasi hudhani kazi ni kukata. Kazi ni kukunja. Kabla ya kukunja, hupitisha kalamu iliyokwisha wino juu ya mstari, ukiikandamiza, ili karatasi ijue pa kuvunjikia. Ukiruka hatua hiyo, kona inatoka mviringo kama mto wa kulalia. Leo nimekunja kichwa cha lori, nikakata madirisha, nikapachika kiti na usukani mdogo kuliko pete. Mdogo wangu alikishika kiti kwa ncha ya kidole. "Hata hapa kwenye bega la kushoto kimebonyea," alisema. "Umejuaje?" Sikumwambia kwamba kilibonyea kwa bahati mbaya, nikiwa natafuta gundi.

Tarehe 21 Machi

Ubavu haukubali. Nimepanga vipande vinne vya ubavu kwa mfuatano: kichwa, nafasi, sanduku, mdomo. Nimeviweka juu ya sakafu ya lori, nayo sakafu imezidi. Vimepungua milimita saba na nusu. Nimehesabu mara tatu.

Tarehe 22 Machi

Mvua. Ubavu haukubali.

Tarehe 23 Machi

Nadhani ni unyevu. Karatasi nene hunywa maji ya hewani na kutanuka, na sakafu ilikaa karibu na dirisha. Nimeipiga pasi ya vuguvugu, kitambaa kikiwa juu yake.

"Leo lori linapigwa pasi," alisema Shangazi. "Kesho litadai tai."

Baada ya pasi, sakafu ilikuwa imenyooka vizuri sana, na bado ilizidi kwa milimita saba na nusu.

Tarehe 30 Machi

Waheshimiwa, nakiri mbele yenu. Nimefanya nililowakataza wanafunzi wa hisabati muda wote wa utumishi wangu: nimelazimisha jibu. Nimekata ziada ya sakafu kwa wembe na rula ya chuma, ubavu ukakaa, gundi ikashika. Kwa macho, lori halina kasoro. Nililizunguka mara nyingi nikitafuta furaha ambayo kwa kawaida huja kazi ikifungamana. Haikuja, na sikujua kwa nini.

Tarehe 6 Aprili

Bwana Utaratibu alipita kukagua, akiwa na miwani mbili, moja usoni na nyingine kwenye paji la uso.

Nilimweleza. Mahali pa kichwa cha dereva nimetoboa tundu kutoka nyuma ya kiti. Ukiweka jicho hapo, unaona anachokiona dereva. Kioo cha pembeni ni kioo halisi, fundi wa vioo amenikatia kipande kidogo kuliko ukucha. Nyuma ya lori nimejenga kichochoro: ukuta, mtaro, na meza ya fundi. Aliinama, akafumba jicho moja, akakaa hivyo kwa muda.

"Naona ukuta. Naona mtaro." Akageuza shingo. "Meza siioni."

"Isogeze, uone inatokea wapi."

Aliisogeza meza kwa kidole mpaka ikatokea ukingoni mwa kioo. "Kumbe!" alisema. "Kumbe dereva wa watu hana kosa!" Akamtikisa mdogo wangu mkono, kisha akakumbuka kwamba hilo halikuwa la utaratibu, akaurudisha mkono wake mfukoni.

Alipoondoka, nilimwambia mdogo wangu naye aangalie. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko mwenyekiti, kisha akasema amechelewa kazini. Siku hizi kazi yake ni kufagia ua wa magari ya baraza.

Tarehe 7 Aprili

Nimelala vizuri.

Tarehe 11 Aprili

Nilikwenda kumpa pole fundi wa cherehani. Nilijiambia kwamba naenda kama jirani wa mji mmoja. Alikuwa ameketi barazani, mguu wenye plasta ukiwa juu ya kigoda, akishona vifungo kwa mkono.

"Pole, dada yangu."

"Nimeshapoa, Mwalimu. Umekuja kuniona au kunipima?"

Nilicheka kwa aibu. Alinionyesha mahali pa kuketi.

"Sina ugomvi na ndugu yako," alisema. "Gari lilikuwa linarudi polepole. Nilitazama kwenye kioo chake, nikamwona, naye akanitazama. Nikasema moyoni, ah, ameniona, basi. Ndiyo maana sikukimbia. Unanielewa, Mwalimu? Kama asingenitazama, ningekimbia."

"Una hakika alikutazama wewe?"

"Wewe darasani hujui mtoto akikutazama?"

Niliondoka nikimwamini kabisa. Nilipofika nyumbani nikamkuta mdogo wangu akinywa chai na kupuliza mvuke, kama alivyofanya tangu akiwa na miaka mitano, nikamwamini na yeye. Kanuni ya kwanza ninayofundisha ni kwamba kauli mbili zinazopingana haziwezi kuwa kweli pamoja. Naitazama kanuni hiyo kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Tarehe 12 Aprili

Nimeweka jicho kwenye tundu mara kumi. Meza haionekani. Basi fundi amekosea. Lakini hakuongea kama mtu aliyekosea.

Tarehe 15 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Mtihani wa nusu muhula. Wasimamizi wawili wamechelewa.

Tarehe 19 Aprili

Nitaandika polepole.

Shangazi anataka pazia jipya la dirisha la sebuleni. Baada ya chakula cha mchana alimpandisha mdogo wangu juu ya kiti na ule utepe wetu, yeye akashika kalamu.

"Mia na arobaini," mdogo wangu aliita.

"Nitoe tano?"

"Usitoe, Shangazi, nimeshatoa. Mimi hutoa kabla ya kuita, siku zote. Ukitoa na wewe pazia litakuwa fupi kama kaptula."

Shangazi alicheka. Mimi nilikuwa nasahihisha karatasi za mtihani, na kalamu nyekundu ilisimama katikati ya jibu la mtoto wa watu.

Nilikwenda chumbani, nikafungua daftari la vipimo. Kila namba ambayo mdogo wangu aliniitia siku ile, nilitoa tano kabla ya kuiandika. Nakumbuka hivyo, kwa sababu nilikuwa najivunia kwamba nafanya hesabu huku nashika mwavuli. Nikarudisha tano kwenye kila namba. Kichwa 180, nafasi 20, sanduku 400, mdomo 100. Jumla 700. Lori zima, 695 na tano, 700. Vipande na kizima vimekutana bila kubakiza hata unywele. Lori zima lilikosewa mara moja, na vipande vinne vilikosewa mara nne, na tofauti yake, ukiigawa kwa ishirini, ni milimita saba na nusu. Mvua haikuhusika kamwe. Sakafu nimeipiga pasi bure.

Na kioo cha pembeni si 35 kwa 15. Ni 40 kwa 20, na mkono wake ni mrefu zaidi.

Nilimwita mdogo wangu uani.

"Siku tulipopima lori, ulikuwa unatoa tano?"

"Mimi hutoa siku zote."

"Nami nilikuwa natoa."

Hakushangaa, waheshimiwa. Nilikuwa namtazama usoni nikisubiri mshangao, haukutokea.

"Ulijua," nilisema.

"Siku ile sikujua, Dada, naapa. Nilijua nilipoangalia kwenye tundu. Ile saitimira, kile kioo cha pembeni, ilikuwa ndogo mno. Miaka tisa naishi na ile saitimira."

"Ukanyamaza."

"Mwenyekiti alikuwa ameshasema 'kumbe'."

"Na fundi? Ulimwona au hukumwona?"

"Sikumwona."

"Nitazame unijibu."

Alinitazama. "Sikumwona mtu, Dada."

Nilimfundisha mtu huyu kusoma. Nilimshika kidole, nikakipitisha chini ya kila neno. Leo nimemtazama usoni na sikuweza kusoma hata silabi moja. Sijui kama nina ndugu mwongo, au ndugu mwoga, au ndugu msema kweli aliyekaa kimya mahali pabaya.

Tarehe 20 Aprili

Shangazi ameuliza kwa nini hatusemeshani. Nimesema ni kwa sababu ya pazia.

Tarehe 22 Aprili

Kuna njia tatu. Ya kwanza, nipeleke lori nililonalo. Mwenyekiti ameshalikubali, hakuna atakayelipima, na mdogo wangu atarudi kwenye usukani. Ya pili, niseme karatasi imeharibika kwa mvua, nisipeleke chochote. Ya tatu naijua. Nimeandika hotuba za kuwaasa watoto kuhusu ya tatu kwa miaka mingi, na zote zilikuwa nyepesi kuziandika.

Tarehe 24 Aprili

Nimenunua karatasi mpya ya manila.

Tarehe 25 Aprili

Vipande hamsini na vinne, upya.

Tarehe 1 Mei

Ubavu umekaa. Haukuhitaji wembe wala kusukumwa, uliingia mahali pake wenyewe kama mtu anayerudi kitini. Ndipo ile furaha ilipokuja, na nikaionea aibu, maana nilijua inachomgharimu mtu wa damu yangu.

Tarehe 3 Mei

Nimefunga kioo. Nimeweka jicho kwenye tundu. Meza inaonekana yote, miguu minne. Nilimwita mdogo wangu aje aangalie. Alisimama mlangoni.

"Sina haja, Dada. Najua kinachoonekana."

"Basi sema mwenyewe kabla sijasema mimi."

"Utakachosema wewe ndicho watakachoamini."

Shangazi, aliyekuwa akipinda pazia, alisema bila kuinua kichwa: "Mimi sijui mnachogombania, lakini mmoja wenu ale. Chakula cha watu wawili kinapoa tangu juzi."

Tarehe 8 Mei

Mvua imepungua. Nimekata vijiti vinne vya kuzuia lori lisiteleze kwenye boksi. Kazi imekwisha.

Tarehe 12 Mei

Kikao kilifanyika katika ukumbi mdogo wenye viti vya plastiki. Kamati ni watu watano. Fundi alikuja kwa magongo, akakataa kusaidiwa. Mdogo wangu aliketi mstari wa mbele akiwa amevaa shati nililompa siku aliyopata leseni. Halimtoshi tena.

Nilisimama. Niliyozoea kuyasema kwa dakika arobaini niliyasema kwa mbili. Nilisema kwamba lori alilolikagua mwenyekiti lilikuwa na makosa, kwamba mimi na mdogo wangu tulitoa tano mara mbili, na kwamba lori hili la leo ndilo sahihi. Kuhusu kunyamaza kwake sikusema neno. Nilimwachia yeye.

Mwenyekiti aliinama, akafumba jicho, akainuka.

"Meza naiona." Alivua miwani zote mbili. "Mwalimu, kwa utaratibu, wewe uliletwa na dereva. Uko upande gani?"

"Sijui, Mheshimiwa Mwenyekiti," nilijibu, na huo ndio ukweli wote niliokuwa nao.

Ndipo fundi akasema, "Naomba na mimi nione." Alijikongoja hadi mezani, akaegemeza gongo moja, akainama.

"Ndiyo," alisema. "Meza yangu hiyo. Umejenga vizuri, Mwalimu, mpaka ule mguu uliopinda." Kisha akainuka. "Lakini nguo ziko wapi?"

"Nguo gani?"

"Mbona hapa ni meza tupu? Mimi natundika kamba juu ya meza, kutoka ukutani hadi kwenye nguzo. Asubuhi ile nilikuwa na magauni kumi na moja ya shule, yamekwisha kushonwa, nayatundika. Mimi nilisimama katikati yake, hivi." Akainua mikono yote miwili juu, gongo la pili likaanguka.

Waheshimiwa, nilijenga ukuta, mtaro, kiti kilichobonyea na usukani mdogo kuliko pete. Nilikwenda kupima kichochoro wakati mwenyewe yuko hospitali, nikaona meza tupu, nikajenga meza tupu. Haikunipitia kichwani kuuliza palikuwa na nini hapo siku ya kazi.

Mdogo wangu alikuwa amesimama. Sikumwona akiinuka.

"Niliona nguo," alisema.

"Kwa utaratibu, dereva," alianza mwenyekiti.

"Niliona nguo!" Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya utotoni. "Nilitazama kwenye saitimira, nikaona magauni yametundikwa. Moja likatikisika. Nikadhani upepo. Nikaendelea kurudi. Niliposhuka nikamkuta mama chini, ndipo nikajua kwamba moja ya yale magauni alikuwa yeye."

"Kwa nini kwenye maelezo yako uliandika kwamba hukuona kitu?" aliuliza mwenyekiti.

"Ningesema niliona, mngeuliza mbona hukusimama. Mtu anasimamaje kwa ajili ya gauni?" Alifuta uso kwa mkono wa lile shati. "Na lori la kwanza la Dada, nilijua lina kosa. Nilijua nikanyamaza. Yeye hakujua. Hilo nalo liandikwe."

Karani aliandika. Nilisikia kalamu yake.

Fundi alikuwa bado amejishika kwenye ukingo wa meza. "Kwa hiyo tulitazamana," alimwambia.

"Wewe ulinitazama mimi, mama," alijibu mdogo wangu. "Mimi nilitazama nguo."

Fundi alimwangalia kama anayepima kitambaa kwa jicho. Kisha akasema, "Niokotee gongo langu." Mdogo wangu akaliokota.

Tarehe 14 Mei

Uamuzi umetoka. Mwaka mmoja mbali na usukani. Katika mwaka huo atatembea kwa miguu nyuma ya lori la taka, awe mwelekezaji wa dereva mwingine kila gari linaporudi nyuma. Lori la karatasi wameliomba libaki katika ofisi ya madereva. Shangazi amefurahi: "Angalau limetoka ndani."

Tarehe 17 Mei

Mdogo wangu amekuja kula. Hatukuzungumza sana. Alipuliza chai yake, nami nikajaribu kusoma uso wake. Baadhi ya maneno yanarudi.

Tarehe 29 Mei

Jua tangu asubuhi. Nilikuwa natoka sokoni, nikasikia sauti yake kichochoroni: "Njoo! Njoo! Simama!" Nilijibanza penye kona. Lori jingine lilikuwa limesimama huku likinguruma, na dereva wake kijana alikuwa ametoa kichwa nje kwa hasira.

"Kaka, twende! Hapo hamna mtu!"

Fundi amerudi kazini, kamba yake ilikuwa imejaa magauni, na yeye mwenyewe alikuwa ameketi kando, mbali kabisa, akimtazama. Mdogo wangu alianzia ukutani. Aliligusa gauni la kwanza kwa kiganja kilicho wazi, taratibu, akasubiri, akaenda kwenye la pili, akaligusa, akasubiri. Alifika kwenye nguzo. Kisha akageuka, akainua mkono, akaliita lori.